Anza na udongo, dawa itafuata

Msimu wa mvua ndefu wa 2019 niliacha DAP, ile mbolea ya dukani ya kupandia, na dawa zote za wadudu kwa mpigo mmoja, nikaingia kilimo hai. Shamba langu ni ekari moja hapa Seme, kaunti ya Kisumu, upande wa kwenda Maseno. Pahali nilipozoea kuvuna gunia tisa za mahindi, nilipata tatu. Mama mkwe alisimama mpakani, akayatazama yale mahindi ya manjano yaliyonifika kiunoni, akaniambia: "Nyar Alego (yaani binti wa Alego), udongo uliuzoeza kulishwa. Sasa umeunyima chakula na bado unaudai."

Nimewaona wengi wakipitia njia hiyo hiyo, halafu wanarudi kwa mbolea ya dukani wakisema kilimo hai ni cha watu wenye pesa. Ninachokuomba, wewe unayefikiria kuhamia kilimo hai, ni hiki: usiguse ekari nzima. Tenga robo, uilishe kwanza, na kwingine endelea na mbolea yako huku ukiipunguza msimu kwa msimu. Mimi ilinichukua misimu mitano.

Kabla ya yote, pima udongo. Wangu ulikuwa na pH 5.1, yaani asidi nyingi. DAP ikitiwa miaka na miaka bila kurudishia shamba kitu kingine huongeza asidi, na asidi ikizidi, fosforasi hushikwa na madini ya chuma na aluminiamu hata mizizi isiipate. Kumbe nilikuwa nanunua chakula ambacho mimea haikuweza kula. Tia chokaa ya kilimo mapema, uichanganye na udongo kabla mvua haijaanza, kwa sababu haifanyi kazi kwa siku mbili.

Halafu mboji. Hapa usiwe na haraka. Mimi hupanga mabua makavu chini, juu yake majani mabichi ya makech, yale maua ya manjano yanayoota kwenye ua wa kila boma, kisha samadi, udongo kidogo na majivu, narudia hadi lundo linifike kifuani. Makech yana nitrojeni nyingi na huoza upesi. Katikati nachomeka fimbo ndefu. Baada ya siku kama tano naichomoa na kuishika: ikiwa moto na unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa moto lakini kavu, namwagia maji. Ikiwa baridi, nabomoa nipange upya, mara nyingi kijani kimepungua. Nageuza kila wiki tatu, na kwa miezi mitatu hivi inanukia kama msitu baada ya mvua. Samadi mbichi usiipeleke shambani moja kwa moja, inaunguza miche na kuleta mbegu za magugu.

Kuhusu kayongo, yaani striga, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, sikuwahi kuishinda kwa jembe. Mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, nazo hulala ardhini miaka mingi. Kilichonisaidia ni desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kuzunguka shamba, njia iliyofanyiwa utafiti na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita. Mizizi ya desmodiamu huzishtua mbegu za kayongo zikaota, lakini huzizuia kushika mizizi ya mahindi, basi zinakufa. Harufu yake nayo humfukuza kipekecha bua, mdudu anayetoboa mabua ya mahindi, nepia ikamvuta nje. Msimu wa kwanza desmodiamu ni dhaifu sana, ing'olee magugu kwa mkono. Ukishikwa na uvivu hapo, umeipoteza. Ikishika, unakata majani ya kumpa ng'ombe, na ng'ombe anakurudishia samadi.

Dawa za kienyeji nimeziweka mwisho makusudi. Mwarobaini uliotwangwa na kuchanganywa na sabuni kidogo hunisaidia kwa vidukari vya sukuma wiki, lakini nikiona wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni, siupulizi. Hao ndio wanaokula vidukari. Maji ya tumbaku nimeyaacha kabisa, maana ni sumu hata kama yametoka kwa jani.

Sokoni, niseme ukweli, sukuma yangu naiuza bei ile ile ya wengine. Faida iko kwa pesa ambazo sipeleki dukani.

Ukitaka kuanza msimu ujao, kata makech wiki hii, kabla hayajachanua, yangali na majani laini.