Kikohozi Nilichoambiwa Nikizoee

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja anayeishi Ujerumani, aliyeanzishiwa sindano za interferoni, dawa inayochochea kinga ya mwili dhidi ya virusi, kwa ajili ya homa ya ini aina ya D, akiniuliza kama kikohozi kikavu kinachomkosesha usingizi ni jambo la kawaida. Niliusoma mara mbili, kwa kuwa swali hilo hilo nililiuliza mimi mwaka 2012, nikajibiwa kwamba nina wasiwasi mwingi.

Wakati huo nilikuwa nikitibiwa homa ya ini aina ya C mjini Nairobi, kwa sindano moja ya interferoni kila wiki na vidonge vya ribavirini kila siku, kwa muda uliopangwa kuwa wiki 48. Homa na maumivu ya mwili baada ya sindano niliyatarajia, nikayavumilia. Katika wiki ya tisa kilianza kikohozi kisicho na makohozi, kisha pumzi ikapungua kiasi kwamba ngazi za ghorofa ya pili, nilizozoea kuzipanda huku nikizungumza na simu, nikawa nazipanda kwa kupumzika mara tatu. Daktari alisema ni ribavirini, ambayo kweli huvunja chembe nyekundu za damu na kumfanya mtu aheme. Damu yangu ilikuwa imepungua, hivyo simlaumu kwa kufikiri hivyo. Ninachomlaumu ni kutosikiliza kifua changu hata mara moja. Nilipewa antibiotiki mara mbili, nikapimwa kifua kikuu, hakikuonekana.

Ni mimi niliyedai picha ya CT, yaani eksirei ya kina ya kifua, na hilo najivunia hadi leo. Mapafu yote mawili yalionekana yametanda ukungu: tishu zinazozunguka vifuko vya hewa zilikuwa zimevimba, si kwa vijidudu bali kwa dawa yenyewe, kwani interferoni huuchochea mfumo wa kinga, na mara chache kinga hiyo huyageukia mapafu. Dawa zote mbili zilisimamishwa siku ile ile, nikaanzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na kifua kikatulia polepole. Virusi vilirudi, vilikuja kuondoka mwaka 2017 kwa vidonge vya sofosbuviri na ledipasviri vya wiki 12, bila sindano hata moja.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaochomwa interferoni, kikohozi kikavu na kuhema kwa kazi ndogo visingoje kliniki ya mwezi ujao. Semeni mapema, na mkipuuzwa semeni tena. Tumelelewa kumstahi daktari hata tukaona haya kumsumbua, na haya hiyo nusura inizike. Wala msiache dawa kimyakimya, kwani huenda ikawa ni mafua au upungufu wa damu tu, na wa kutofautisha ni daktari mwenye vipimo mkononi.

Dada huyo wa Ujerumani nimemwambia hayo hayo. Sindano yake inayofuata ni ya Ijumaa, na nimemwomba aipigie simu kliniki kabla hajachomwa.