Kubadilisha madirisha Ufaransa: kibali kinahitajika?

Ndiyo, kama sura ya nje itabadilika: kung'oa ya mbao na kuweka ya plastiki, hata kubadili rangi tu. Unapeleka déclaration préalable (fomu ya kutoa taarifa kabla ya kuanza kazi) kwenye ofisi ya meya, na kwa kawaida jibu hutoka ndani ya mwezi 1. Nyumba ikiwa jirani na jengo la kihistoria linalolindwa muda huwa miezi 2, kwa sababu msanifu wa serikali naye hutoa maoni yake. Nasimamia ukarabati huko, na fomu hizi napeleka mwenyewe. Fundi akikwambia "hakuna haja", usimsikilize. Wa kwanza kutafutwa ni mwenye nyumba.

Kibali kikitoka, weka kibao cha kukitangaza, kinachosomeka kutoka barabarani, na ukipige picha yenye tarehe. Majirani wana miezi 2 ya kupinga, na hesabu huanza siku kibao kiliposimama, kwa hiyo bila kibao hesabu haianzi.

Ila ukiongeza chumba cha zaidi ya mita 20 za mraba, utahitaji permis de construire (kibali kamili cha ujenzi). Mijini penye mpango wa ardhi kikomo huweza kufika 40, kwa hiyo ulizia hapohapo kwa meya.