Ukihamishiwa besi ya kwanza, zijue habari za Sadaharu Oh

Karibu kila msimu kuna kijana ananijia akiwa amenuna kwa sababu kocha kamhamishia besi ya kwanza, kituo cha kwanza ambacho mpigaji hukikimbilia akishapiga mpira. Alikuja kwenye besiboli akitaka kuwa mrushaji, maana mrushaji ndiye anayetazamwa na uwanja mzima, na leo anaambiwa akasimame pembeni apokee mipira ya wenzake. Anaona kashushwa cheo. Mimi nafasi hiyo nimeicheza tangu sekondari hapa Dar es Salaam, na sasa nawafundisha wadogo zangu. Simbembelezi kijana wa namna hiyo. Namkalisha chini, namsimulia maisha ya Sadaharu Oh, mchezaji wa besi ya kwanza aliyekuwa mpigaji mkubwa wa besiboli ya Japani.

Kwetu Oh si mtu wa mbali. Besiboli ya Tanzania imelelewa kwa kiasi kikubwa na walimu kutoka Japani, hata mashindano yetu ya vijana tumeyaita Koshien, kwa jina la uwanja wa Nishinomiya ambako shule za sekondari za Japani hushindania ubingwa. Mwaka 1957 Oh alikuwa mrushaji wa shule ya Waseda Jitsugyo ya Tokyo. Alirusha katika Koshien ya majira ya kuchipua huku lengelenge la kidole limepasuka na kutoka damu, na shule yake ikabeba kombe. Miaka miwili baadaye, 1959, klabu kubwa kuliko zote nchini, Yomiuri Giants, ikamsajili kama mrushaji.

Hakurusha. Makocha walimwangalia kambini wakaamua mkono wake hautoshi kwa ligi ya kulipwa, ila upigaji wake una kitu. Wakampeleka besi ya kwanza. Hapo ndipo nawaambia vijana wasikilize vizuri, kwa sababu mambo hayakunyooka hata kidogo. Alianza msimu kwa kukosa pigo mara 26 mfululizo. Alimaliza mwaka akiwa na wastani wa 0.161, yaani katika kila zamu kumi za kupiga hakufikisha hata mapigo mawili safi. Mara 72 alitolewa kwa kukosa mpira kabisa, na mashabiki wakawa wanamzomea. Msimu wa pili ulikuwa afadhali, wa tatu ukarudi nyuma.

Mwaka 1962 Giants walimleta Hiroshi Arakawa kuwa kocha wa upigaji. Walikuwa wanafahamiana. Oh alipokuwa mtoto, Arakawa alimwona akicheza mtaani, akagundua kwamba mtoto yule ni wa mkono wa kushoto lakini anapigia upande wa kulia, akamwambia ageuze. Safari hii aliona jambo jingine dogo: fimbo ya Oh inachelewa kuanza safari. Nguvu anazo, macho anayo, lakini mpira unafika kabla mwili haujawa tayari. Dawa aliyompa ilikuwa kuinua mguu wa mbele, wa kulia, mrushaji anapoanza kurusha, na kusubiri akiwa amesimama kwa mguu mmoja wa kushoto. Ukisimama hivyo huwezi kuyumba wala kukurupuka na fimbo. Ama umetulia, ama umeanguka.

Tarehe 1 Julai 1962 alisimama hivyo kwenye mechi kwa mara ya kwanza, na siku hiyohiyo akavusha mpira uzio. Mwaka ule alimaliza na homurani 38, yaani mapigo ya namna hiyo, akaongoza ligi. Aliendelea kuongoza kila mwaka hadi 1974, miaka 13 mfululizo. Mwaka 1964 alipiga 55 katika msimu mmoja, na alipostaafu 1980 alikuwa na 868. Hank Aaron, aliyeshika rekodi ya Marekani wakati huo, alimaliza na 755. Oh alimpita Septemba 1977.

Wapo wanaosema viwanja vya Japani wakati ule vilikuwa vidogo. Ni kweli, Korakuen, uwanja wa nyumbani wa Giants, haukuwa mkubwa. Lakini kuna wapigaji wengi waliopiga kwenye viwanja hivyohivyo, na anayemfuatia kwa idadi, Katsuya Nomura, aliishia 657. Tofauti ya homurani zaidi ya 200 haielezwi na uzio.

Inaelezwa na nyumba ya Arakawa. Oh alikuwa akienda huko kufanya mazoezi nje ya muda wa klabu. Arakawa alikuwa mtu wa aikido, sanaa ya Kijapani ya kujilinda, akamfundisha kutuliza pumzi na uzito chini ya kitovu, kisha akampa upanga. Kipande cha karatasi kilining'inizwa kutoka darini, naye akatakiwa kukikata. Karatasi inayoning'inia ni ngumu kukata, kwa sababu ukitumia mabavu upepo wa upanga unaisukuma pembeni. Inakatika pale tu makali yanapopita yamenyooka, na mikono, kiuno na miguu vimeamka kwa pamoja. Alirudia na kurudia mpaka mikeka ya sakafu ikachakaa pale alipokuwa akisimama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako uliyehamishwa: usifanye mazoezi ya "kila kitu". Tafuta mtu mwenye jicho akuangalie mpaka aone kasoro moja yenye jina. Fimbo inachelewa? Bega linafunguka mapema? Kichwa kinainuka? Ukishaijua, ishi nayo. Hatuna panga za Kijapani, na sitaki mtoto yeyote ashike panga la shambani kwa ajili hii. Fimbo na ukanda wa gazeti uliofungwa kwenye tawi la mwembe vinatosha.

Upande wa glovu watu wengi huusahau wanapomtaja Oh. Tuzo ya walinzi bora ilipoanzishwa 1972, ya besi ya kwanza aliichukua yeye kila mwaka mpaka alipostaafu. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ninayoifundisha zaidi. Mpira ukipigwa chini, kimbilia besi mapema, geuka, mtazame anayerusha. Mguu wako uguse ukingo wa besi, usiikanyage besi juu katikati, maana mkimbiaji anakuja kwa kasi na kisigino chako kitakuwa njiani kwake. Halafu subiri. Wanaoanza hunyoosha mguu na mkono kabla hawajajua mpira unaelekea wapi, na wakishanyooka hawawezi tena kusogea. Uone mpira kwanza, ndipo unyooke kuufuata.

Mpira unaodunda miguuni ndio mtihani. Wenzako watarusha vibaya, hasa kwenye viwanja vyetu vyenye kokoto. Peleka glovu mbele, chini, uufuate mpira mara tu unapodunda, kabla haujapata nafasi ya kuruka juu. Usigeuze uso. Nawarushia vijana mipira ya namna hiyo mpaka hofu iwaishe, tukianza na mipira ya tenisi ili wasiumie. Ukiiokoa mipira mibovu, mlinzi wa besi ya tatu atarusha bila woga, na timu nzima itabadilika kwa sababu yako wewe uliyenuna.

Liko jambo jingine, nalisema kwa ajili ya vijana ambao wazazi wao wametoka nchi nyingine, maana ninao kwenye timu. Baba yake Oh alikuwa Mchina wa mkoa wa Zhejiang mwenye mgahawa Tokyo. Mama yake alikuwa Mjapani. Mwaka uleule wa 1957 alioiletea shule yake kombe, alizuiwa kucheza tamasha la michezo la kitaifa kwa sababu hakuwa raia wa Japani. Kijana amezaliwa Tokyo, amekulia Tokyo, anabaki nje akiwatazama wenzake. Linaniuma kila ninapolisimulia. Miaka 20 baadaye serikali ya Japani ilianzisha Tuzo ya Heshima ya Taifa, na wa kwanza kupewa alikuwa yeye.

Ukianza kuwa mzuri, jiandae pia kukwepwa. Wapinzani walihamishia walinzi wao upande wa kulia alikozoea kupiga, na warushaji wengi walimpa besi ya bure kuliko kumrushia mpira unaopigika: mara 2,390 katika maisha yake. Aliipokea, akatembea hadi besi ya kwanza. Kijana wangu akirushiwa mipira minne mibaya, namtaka afanye hivyohivyo, asifukuze mpira wa nje kwa hasira.

Msimu wake wa mwisho alipiga homurani 30. Wengi wangeendelea, lakini yeye alisema hawezi tena kupiga kama Sadaharu Oh anavyopaswa kupiga, akaacha. Baadaye akawa kocha mkuu, na mwaka 1996, akiwa na klabu ya Hawks, mashabiki wa klabu hiyohiyo walilirushia mayai basi la timu yake. Hawks hawakumwondoa, na mwaka 1999 aliwapa ubingwa wa Japani.

Makocha wenzangu, na wazazi mnaosimama pembeni ya uwanja, hesabuni hiyo miaka. Giants walimvumilia Oh misimu mitatu kabla mguu ule haujainuka. Sisi kijana akidondosha mipira miwili wiki hii, wiki ijayo tunamkalisha benchi na kumpa glovu mtoto mrefu zaidi. Mwacheni acheze. Na mmoja wenu akasimame karibu na besi ya kwanza, amwangalie miguu.