Mshahara mnono leo, au kazi inayokua?

SWALI: Ndugu mhariri, nina miaka 25 na nimepata kazi mbili. Moja inalipa asilimia 20 zaidi, ila haina kupanda cheo. Nyingine inalipa kidogo, lakini watu hupanda na mwajiri huchangia pensheni. Nataka kujijenga. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, chukua kalamu. Kazi ndogo iwe 100, kubwa 120. Ile ya 120 ikiongezwa asilimia 3 kila mwaka na ya 100 ikiongezwa 8, mwaka wa tano mshahara mdogo unaupita mkubwa: 136 kwa 135. Usishangilie bado. Ukijumlisha fedha zote tangu siku ya kwanza, hata miaka 8 ikiisha kazi ndogo iko nyuma kidogo. Inatangulia mwaka wa tisa.

Kwa hiyo suala zima ni hiyo 8. Ahadi ya mdomo kwenye usaili si nyongeza. Waulize: aliyeshika nafasi hii miaka mitatu iliyopita ana cheo gani leo? Wakibabaika, weka 5 badala ya 8. Hapo mshahara mdogo haupiti mkubwa mpaka mwaka wa 11, na mimi ningechukua 120 bila kusita, isipokuwa kama kazi ndogo inakufundisha ujuzi ambao waajiri wengine wanaulipia.

Pensheni nayo ihesabu kama mshahara. Mwajiri akichangia 5 juu ya ile 100, pengo la 20 limebaki 15. Lakini soma masharti: baadhi ya mifuko huweka muda wa kukaa kazini kabla mchango wa mwajiri haujawa wako. Wapo wanaoacha kazi mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo na kuupoteza wote. Ukihama, hamishia akiba yako mfuko mpya kama sheria inaruhusu. Ukiitoa yote na kuitumia, umerudi sifuri.

SWALI: Je, ni kweli nikiweka akiba miaka 10 tu ya ujana nitampita anayeanza baadaye?

JIBU: Inategemea faida. Mmoja aweke 1 kila mwaka kuanzia miaka 25 hadi 35, kisha aache fedha ikae. Mwingine aanze akiwa na 35, aweke hadi 65. Kwa faida ya asilimia 8 kwa mwaka, wa kwanza ana 146, wa pili 113. Kwa asilimia 6, wa kwanza ana 76, wa pili 79. Tofauti ya asilimia 2 tu imegeuza mshindi, na hapo mfumuko wa bei haujaguswa. Anza sasa, usiache. Kila mshahara unapopanda, agiza benki ikate nusu ya nyongeza siku ileile ya malipo, kabla matumizi mapya hayajaizoea.