Je, naweza kukereza kizuia sauti cha bunduki? Na injini ya mashine ya kusaga je?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwalimu huku Makambako, na baada ya kazi hushinda kwenye karakana yangu ndogo nyuma ya nyumba. Nina leithi ya mezani, drili ya kusimama na mashine ya kuchomelea. Nimeona wawindaji wa Finland na New Zealand wanafunga kitu kama kopo refu mwisho wa mtutu, na mlio unapungua. Shemeji yangu ana bunduki yenye kibali ya kufukuzia nguruwe pori shambani, na masikio yameanza kumsumbua. Je, naweza kumkerezea kimoja? Na kama kanuni ni ileile, inaweza kutuliza injini ya dizeli ya S195 inayoendesha mashine yetu ya kusaga? Majirani wamechoka, na kanisa liko ng'ambo ya barabara.

JIBU: Marahaba mwalimu. Nianze na la bunduki kwa kuwa jibu lake ni fupi: usikereze. Kwetu Tanzania silaha na vifaa vyake viko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali cha shemeji yako ni cha kumiliki bunduki aliyoandikishwa. Hakimpi yeye ruhusa ya kuiongezea kitu, wala wewe ya kuwa mtengenezaji. Ukivuka kwenda Kenya, Sura ya 114 inakihesabu kifaa cha kupunguza mlio kuwa ni silaha chenyewe, hata kikiwa peke yake kabatini. Hata Marekani, ambako watu wanadhani kila kitu ni ruksa, kifaa hiki kiliwekewa kodi ya dola 200 na usajili mwaka 1934. Kodi hiyo imeshushwa hadi sifuri kuanzia Januari 2026, ila fomu na kibali cha kabla ya kutengeneza vimebaki palepale. Hao wawindaji wa Finland uliowaona, kwao ni kifaa cha kawaida cha dukani. Kwetu sivyo, na sitakueleza namna ya kukichonga.

Ila masikio ya shemeji ni jambo la kweli, na hapo nina la kusema. Bunduki ya kuwindia hutoa mlio wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 160 na zaidi kwenye sikio la mpigaji. Madaktari wa masikio huweka mpaka wa milio ya ghafla kwenye 140. Juu ya hapo mlio mmoja tu unaweza kuacha jeraha lisilopona. Lile kopo la mtutuni hupunguza desibeli 20 hadi 35. Piga hesabu mwenyewe: kinachobaki ni karibu 130 au 140, yaani bado ni mlio mkubwa, na ule mnong'ono wa kwenye sinema ni wa sinema. Tena risasi ya bunduki kubwa husafiri mita 700 au 800 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe hewani ni kama 340. Risasi inapoitangulia sauti inapasua hewa njia nzima, na huo mpasuko hauna kopo la kuuzuia kwa kuwa hautokei kwenye mtutu. Sasa linganisha na plagi za masikioni pamoja na vifuniko vile vya masikio wanavyovaa watu wa viwanda vya mbao, hapo hapo Makambako na Mafinga. Vikivaliwa sawasawa, vyote viwili pamoja vinakata kelele kwa kiasi kinachokaribia kile cha kopo, vinauzwa duka la vifaa vya usalama, na havina kesi. Na aende hospitali akapimwe usikivu, maana sikio lililoanza kupiga mluzi usiku limeshadhurika.

Umeuliza kama kanuni ni ileile. Ndiyo, na zina ukoo mmoja kabisa. Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza ya kizuia sauti cha bunduki mwaka 1909, alikuwa mhandisi wa magari, na kampuni yake baadaye iliegemea kwenye sailensa za injini na mitambo ya viwandani. Baba yake ndiye Hiram Maxim aliyebuni bombomu, yaani bunduki ya rashasha, ile ile iliyowafyeka wapiganaji wa Maji Maji pale boma la Mahenge Agosti 1905. Baba kauza mlio, mtoto kauza ukimya. Haya, twende kwenye mashine ya kusaga.

Kabla hujakata chuma chochote, hakikisha kelele inatoka wapi. Watu wengi wanaolalamikia eksozi wanasumbuliwa na kinu. Toa mkanda, washa injini peke yake kwa mwendo uleule wa kusagia, halafu nenda ukasimame kwenye mlango wa kanisa usikilize. Kama kero imepungua sana, basi nyundo za kinu ndizo mkosaji wako, na dawa yake ni ukuta na mlango, sailensa haitakusaidia. Kama bado iko, funga bomba refu la muda, toa moshi mita tano au sita upande wa pili wa jengo, usikilize tena pale pale. Ikishuka, umempata mwizi. Isiposhuka, unachosikia ni mlio wa dizeli yenyewe, yaani kugonga kwa mwako, vali, na mvuto wa hewa kwenye kichujio. Nasisitiza hili kwa sababu ya hesabu moja inayowaudhi mafundi: ukiwa na vyanzo viwili vya kelele vilivyolingana na ukakizima kimoja kabisa, kipimo kinashuka desibeli 3 tu. Sikio la jirani halitaona tofauti ya maana, na wewe utakuwa umemaliza fedha ya chuma.

Tuchukulie ni eksozi. S195 ina silinda moja ya milimita 95 kwa mwendo wa milimita 115, kwa hiyo ujazo wake ni lita 0.8 na ushee. Kwa mizunguko 2000 kwa dakika inatema moshi mara 1000 kwa dakika, takriban mara 17 kwa sekunde. Kila mtemo ni bonge la gesi ya moto yenye presha linalogongana na hewa tuli. Kazi ya sailensa ni kulipatia bonge hilo chumba cha kutanukia na kupoa kabla halijatoka, na wakati huohuo kulirudisha wimbi la sauti lilikotoka. Wimbi linapofika mahali bomba linapanuka ghafla, sehemu yake kubwa inageuka na kurudi. Kadiri upanukaji ulivyo wa ghafla na mkubwa, ndivyo inavyogeuka nyingi.

Tuseme eksozi yako ni bomba la inchi 2. Ukilitia kwenye kopo la kipenyo cha inchi 4, eneo limeongezeka mara 4, na kwenye hesabu ya chumba kitupu unapata upungufu usiozidi desibeli 6.5. Kopo la inchi 6 ni mara 9, unafika 13. La inchi 8 ni mara 16, unafika 18. Ndiyo maana vile visailensa vyembamba vinavyouzwa na injini mpya vinalia tu. Si ubovu wa chuma, ni udogo wa kopo. Kwa ujazo, mimi sishuki chini ya mara kumi ya ujazo wa silinda, yaani lita 8 kwa injini yako, na nikipata nafasi naenda mara ishirini. Kopo la inchi 8 lenye urefu wa sentimita 60 lina karibu lita 19. Hilo ningelichukua.

Sasa hapa ndipo kopo tupu linapokusaliti. Lina sauti fulani linaloiruhusu ipite kana kwamba halipo: ile ambayo nusu ya wimbi lake inalingana na urefu wa kopo. Gesi ikiwa na nyuzi 300, sauti ndani yake hukimbia kama mita 480 kwa sekunde, kwa hiyo kopo la sentimita 60 linafungua mlango kwenye hezi 400 (mitikisiko 400 kwa sekunde), na kwenye kila kizidisho chake. Hezi 400 ni sauti ya mtu anayezungumza. Sikio linaisikia vizuri mno. Dawa ni kuweka ukuta katikati ya kopo, lakini usiuweke katikati hasa. Gawa sentimita 35 na 25. Chumba cha kwanza kitavuja karibu na hezi 690, cha pili 960, na kile kinachovuja huku kinazibwa kule. Ukigawa nusu kwa nusu umejenga vyumba viwili vyenye udhaifu mmoja, na hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye sailensa za mitaani.

Moshi utoke chumba hadi chumba kupitia bomba lenye matundu, na mabomba ya kuingilia na kutokea yasitazamane, la sivyo sauti inapita moja kwa moja. Hesabu ya matundu ni ya lazima. Bomba la inchi 2 lina eneo la sentimita za mraba 20, na tundu la milimita 8 lina nusu sentimita ya mraba. Matundu 40 yanalingana na bomba lenyewe. Toboa 80, kwa kuwa masizi ya dizeli yataziba baadhi yake ndani ya mwaka. Hii ndiyo kazi ya drili yako ya kusimama. Leithi itakuhudumia kwenye flenji, zile sahani za kufungia bomba kwa nati, na kusawazisha ncha za mabomba, basi. Sailensa ni kazi ya bati na kuchomelea, wenye leithi mnapenda kuitafutia kazi isiyo yake.

Usitarajie ule mdundo mzito uishe. Mtemo wa mara 17 kwa sekunde una wimbi la mita nyingi, na kopo la sentimita 60 haliligusi kwa zaidi ya desibeli 3. Kinachokufa ni ukali, ule mpasuko unaowakatisha watu kwenye mahubiri.

Chuma. Chukua bati jeusi la milimita 2. La milimita 1 linalia lenyewe, unakuwa umejenga ngoma. Usitumie bomba la maji lenye zinki. Ukilichomelea linatoa moshi mweupe, na jioni fundi anatetemeka na homa, anakwenda kupimwa malaria haionekani. Hiyo ni homa ya mvuke wa zinki. Maziwa hayaitibu, ingawa karibu kila karakana niliyowahi kuingia wanayanywa kwa nia hiyo. Kama huna lingine, saga zinki yote mahali pa kuchomelea, fanyia kazi nje na upepo upite ubavuni mwako. Na mtungi wa gesi wa zamani, ambao najua umeshautazama kwa jicho la tamaa: uache. Mtungi uliofunguliwa koki kwa mwezi mzima bado unaweza kuwa na gesi ya kutosha kumuua anayeushika na grenda. Bati la kukunja ni bei nafuu kuliko hilo.

Tundu moja zaidi, la milimita 5, toboa sehemu ya chini kabisa ya kopo. Kila lita ya dizeli inayoungua inazaa karibu lita nzima ya maji ndani ya moshi. Injini ikiwa moto yanatoka kama mvuke. Asubuhi kopo likiwa baridi yanabaki ndani, yanachanganyika na salfa, na bati linaoza kutokea ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa. Ncha ya kutokea iinamishe kwa kiwiko ili mvua isiingie.

Kopo la kilo kumi na zaidi usilining'inize kwenye kichwa cha injini. S195 hutikisika sana, na ile flenji ni ya chuma cha kumiminwa, hakipindi, kinavunjika. Simamisha sailensa kwenye miguu yake au ukutani kwa mabano, na kati yake na injini weka kipande cha bomba la chuma linalopinda, lile la magari makubwa. Usiijaze pamba ya kioo kama wengine wanavyoshauri. Kwenye petroli inafanya kazi nzuri kwa sauti nyembamba, lakini kwenye dizeli inalowa masizi na mafuta ndani ya muda mfupi, halafu inaweza kushika moto.

Ukimaliza, pima presha ya nyuma, yaani ile ambayo sailensa inairudishia injini. Chomelea kipande kidogo cha bomba kati ya injini na sailensa, uunganishe mpira mwangavu uliokunjwa umbo la U wenye maji nusu. Mpira ubane kidogo, kwa sababu silinda moja inayarusha maji juu na chini. Kila sentimita 10 za tofauti ni kilopaskali moja. Ipime presha kwa mzigo, mahindi yakiwa kinuni, kisha ulinganishe na kiwango cha kitabu cha injini. Kama kitabu kimepotea, sikiliza injini: moshi ukiwa mweusi kuliko zamani, maji ya tangi la juu yakichemka mapema, au kinu kikianza kukaba kwa kiasi kilekile cha mahindi, sailensa inainyonga injini. Toboa matundu zaidi.

Na moshi wenyewe utoke nje ya jengo, juu ya paa, mbali na dirisha. Injini iliyonyamazishwa huwashawishi watu kufunga milango na kukaa nayo ndani, na gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu. Baada ya saa ya kwanza ya kazi zima, iache ipoe, kaza nati za flenji upya, kisha uzikaze tena siku inayofuata.