Wewe wa Tabora, hicho kikopo usikipeleke kesho

Mkuu, weka kikopo chini kwanza. Salamu baadaye.

Umeandika unaharisha maji siku ya nne, umekonda, daktari kakwambia upime kinyesi kuona kama kongosho linatoa vimeng'enya vya kutosha vya kusaga chakula, na kesho asubuhi sampuli inapanda basi kwenda Dar. Ukauliza kama ufunge kula, bei ikoje, na kwa nini wasikupime damu tu. Mimi macho yaliishia kwenye neno "maji". Hapo hapo ndipo nilipoliwa.

Kipimo hicho kinatafuta elastesi, kimeng'enya kinachotoka kongoshoni na kupita utumbo wote bila kuvunjwavunjwa. Wanaangalia kuna maikrogramu ngapi ndani ya gramu moja ya kinyesi. Zaidi ya 200, kongosho linafanya kazi. Chini ya 100, limechoka hasa. Katikati ni utata. Sasa gramu ya choo chenye umbo na gramu ya maji machafu, ni kitu kimoja hicho? Ni sawa na kumwaga ndoo ya maji kwenye mchuzi, kisha umgombeze mpishi kwamba hajatia chumvi.

Mimi hapa Ujiji sikuambiwa hayo. Nilifika maabara nimeficha kikopo kwenye mfuko mweusi kama nimeiba simu. Kijana wa dirishani akakiinua kwenye mwanga wa taa, kikawa kinacheza ndani kama juisi ya ukwaju. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii si nyepesi mno?" Hata hakuniangalia. "Kinyesi ni kinyesi tu, mzee." Akabandika karatasi yenye jina langu, nikalipa, nikashukuru. Yaani nikashukuru kabisa!

Majibu yakaja: 58.

Jamaa mmoja wa duka la dawa akayasoma, akatikisa kichwa kama yuko msibani. Kongosho limekufa, hivi vidonge vya vimeng'enya utameza mpaka kaburini. Vinaagizwa Dar, unameza kila unapokula, na bei yake sitaitaja maana mke wangu husoma humu. Niliuza injini ya mtumbwi. Miezi minane vijana wangu wanapiga kasia pale Kibirizi kama enzi za babu zao, kisa kikopo cha maji. Na juu ya hapo yule jamaa akanikataza mawese. Mtu wa Kigoma, mgebuka wa kuchemsha, bila mawese! Hata mgonjwa wa wodini anapikiwa vizuri kuliko nilivyokula mimi.

Kuna na hili. Nimeshameza miezi mitatu ndipo nikajua vile vidonge vinatengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Nikamwendea shehe, akaniambia kama ni dharura na hakuna mbadala, meza. Basi nikameza kwa nia safi, na choo kikaendelea vile vile: kinaelea, kinang'aa mafuta, harufu ya kumhamishia mama watoto chumba kingine.

Aliyeniokoa ni daktari mmoja mama wa makamo. Hakugusa hata faili. Akaniuliza, "Siku unatoa sampuli, choo kilikuwaje?" Nikamweleza ile juisi. Akanyamaza kidogo, akaandika kipimo cha choo cha kawaida, kile cha kutafuta wadudu. Giardia. Mdudu mdogo wa maji machafu anayezuia utumbo kufyonza mafuta, ndiyo maana choo kilifanana na cha mgonjwa wa kongosho. Nikapewa metronidazoli ya siku chache, bei ya sahani mbili za wali.

Choo kilipokaa sawa tukarudia elastesi: 412. Na usidhani ni vile vidonge vilivyopandisha. Kipimo kile kinaitambua elastesi ya binadamu, ya nguruwe hakiioni. Kongosho langu lilikuwa zima muda wote, nami naliombea dua.

Kwa hiyo choo kisicho na umbo hakiendi kwenye kipimo hicho. Akikwambia "kinyesi ni kinyesi", chukua kikopo chako uondoke. Subiri kikaze. Kikigoma kukaza, mwambie daktari aandike kwenye fomu kwamba ni cha maji, na wadudu watafutwe kwanza, tena kwa sampuli za siku tofauti, maana giardia mara moja anaonekana, mara nyingine hayupo.

Ah, damu. Ile amilesi na lipesi ya damu, vimeng'enya vingine vya kongosho, hupanda kongosho likivimba ghafla. Kongosho linaweza kuwa limechakaa na majibu ya damu yakaja safi, kwa hiyo hilo daktari wako hajakosea.

Sasa niambie, choo cha leo kikoje?