Tairi za nyuma kulika ndani

Mkuu pole, ila usiilaumu tairi kwanza. Umesema SUV yako ya kifahari, rimu 22, tairi za nyuma zimeliwa ndani tu kwa kilomita 14,000 na nje kashata (meno ya tairi) bado zipo, hapo alaimenti (pembe za magurudumu) imehama au bushi (mipira ya kwenye maungio ya suspenshen) zimechoka, na hizi gari zina kama tani mbili na nusu kwahiyo bushi ikilegea kidogo tu tairi inasagwa kimya kimya huku wewe unafurahia AC. Yangu ilinifanyia hivyo hivyo, nikanunua mpya mbili kwa pupa, miezi minne baadae napitisha mkono kwa ndani nachomwa na nyaya!

Bushi kwanza, alaimenti baadae, ukigeuza umetupa hela. Na alaimenti isiwe ya kamba, tafuta mashine inayopima magurudumu yote 4, na kama ina suspenshen ya upepo hakikisha iko kwenye kimo chake cha kawaida, ikiwa imeshushwa tairi zinalala na vipimo vyote vinakuwa uongo.

Kuhusu gharama, mi ningeshuka rimu 20 kama breki zinaenea ndani yake, ubavu unakuwa mnene na mashimo hayaumizi sana, ila usishuke namba ya uzito ubavuni (110 ni kilo 1,060 kwa tairi moja). Za mtumba soma tarakimu 4 za mwisho za DOT (namba ya utengenezaji ubavuni mwa tairi), 2318 ni wiki ya 23 mwaka 2018, hiyo imezeeka, mwachie muuzaji.